Wazo kuu likae wapi? Aya moja kwa sura nne

Mwezi uliopita niliingia darasa la kidato cha tatu nikiwa na bahasha nne. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na aya ile ile, nimeikata kwa mkasi sentensi sentensi, vipande sita. Kazi yenyewe ilisikika rahisi: zipangeni sentensi hizi upya, kisha mniambie ni ipi inayobeba zote. Feni ilivipeperusha vipande vya kundi la dirishani mara mbili, mpaka mmoja wao akavikandamiza kwa chupa ya maji. Baada ya dakika kumi hivi nilikuwa na mipangilio minne tofauti, na yote ilisomeka. Kundi moja lililiweka wazo kuu juu kabisa, la pili likaliweka chini kabisa, la tatu likalitia katikati. Kundi la dirishani halikuliweka popote. Kipande chenyewe kilikuwa kimeruka chini ya dawati na hawakujua kimepotea. Waliposoma aya yao kwa sauti, nusu ya darasa bado ilielewa inachosema.

"Mwalimu, sasa ipi ndiyo sawa?" akauliza kijana wa mbele.

Nikamjibu kwamba zote ni sawa, ila si kwa kazi moja. Kengele ikalia kabla sijamaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Mada si wazo kuu

Hili nalisema mapema kwa sababu makosa mengi ninayosahihisha yanaanzia hapa. Ukiulizwa aya inasema nini ukajibu "nyumba za Lamu", umetaja mada. Mada ni jina tu. Wazo kuu ni lile mwandishi analolisema juu ya mada hiyo, na halisemeki bila kitenzi. Hakuna wa kubishana na "nyumba za Lamu". Lakini ukisema "upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu uliamuliwa na msitu wa mikoko", msikilizaji atakukunjia uso: umejuaje?

Swali hilo la "umejuaje" ndilo linalozaa sentensi nyingine zote za aya. Sentensi isiyomfanya mtu aulize chochote haiwezi kuzaa aya. "Maji ni muhimu kwa binadamu" imefungua insha nyingi kuliko ninazoweza kuzihesabu, na sijawahi kukutana na mtu aliyeisoma akataka kujua zaidi. Nani asiyejua?

Basi tuchukue hiyo ya mikoko, ambayo ndiyo niliyoikata kwa mkasi, tuone inavyobadilika ikihamishwa.

Sura ya kwanza: wazo juu

*Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu uliamuliwa na msitu wa mikoko. Dari za nyumba hizo hubebwa na boriti za mikoko zinazolazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa chokaa nzito. Boriti ikipita mita tatu hivi hulegea kwa uzito huo. Fundi aliyetakiwa kujenga chumba kikubwa aliweza kukirefusha, lakini hakuweza kukipanua. Ndiyo maana hata nyumba za matajiri zina vyumba virefu na vyembamba kama ujia.*

Msomaji akikomea sentensi ya kwanza, ameshaondoka na kitu. Hiyo ndiyo nguvu ya sura hii, na ndiyo sababu habari ya gazeti huandikwa hivyo, ripoti huandikwa hivyo, na insha ya hoja inafaa kuandikwa hivyo. Mtahini ana rundo la karatasi mbele yake. Akiona hoja yako kwenye mstari wa kwanza wa aya, anatia alama na kusoma kilichobaki kwa moyo mweupe, akitafuta uthibitisho. Asipoiona, anaanza kuiwinda, na mwindaji aliyechoka hupita karibu na swala asimwone.

Niliujua ubaya wa kutofanya hivyo kwa gharama yangu mwenyewe. Niliandikia ofisi moja ya umma barua ya kurasa mbili kuhusu bili ya maji. Nilianza na salamu, nikaeleza tulivyohamia mtaa ule, bomba lilivyopasuka usiku, fundi alivyochelewa kufika. Ombi langu, kwamba bili ya mwezi ule ihesabiwe upya, lilikaa mstari wa tatu kutoka mwisho. Jibu lilikuja baada ya wiki tano: walinishukuru kwa kuwaarifu kuhusu bomba. Siwalaumu sana. Kwa jinsi nilivyoiandika, ile kweli ilikuwa barua kuhusu bomba.

Udhaifu wa sura hii ni kwamba hamu ya msomaji inakatwa mapema. Tena humpa mpinzani nafasi ya kukukataa kabla hujamweleza. Ukianza na "bangili za dhahabu ni upotevu wa pesa" mbele ya mama mkwe wako, zile sababu zako tano hazitasikika.

Sura ya pili: wazo chini

*Ukiingia katika nyumba kongwe ya mawe Lamu, utakuta vyumba virefu ambavyo upana wake ni mita tatu hivi au chini ya hapo kidogo. Utakuta hivyo kwa mwenye nacho na kwa mwenye nacho zaidi. Inua macho. Dari yote imelala juu ya boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na juu yake kuna mawe ya matumbawe na chokaa ambavyo mtu hawezi kuvibeba kichwani. Boriti ndefu zaidi ingelegea. Aliyeamua upana wa chumba hiki hakuwa fundi wala mwenye nyumba, bali mkoko ulioota kwenye tope.*

Mambo karibu yote ni yale yale, lakini msomaji ametembezwa. Ameona chumba, ametazama juu, ameanza kushuku mwenyewe, na sentensi ya mwisho imemkuta njiani. Mtu hushikilia zaidi jambo analohisi amelifikia kwa miguu yake.

Nadhani sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna sikio la sura hii hata tusipojua. Tazama shairi la tarbia: ubeti una mishororo minne, na ule wa nne ndio kituo. Shairi likiwa na kibwagizo, mshororo huo wa mwisho hurudi ubeti baada ya ubeti ukiwa umebeba ujumbe wenyewe, na mitatu ya juu kila mara inakuja na sababu mpya. Aliyezoea kusikiliza mashairi anajua kungoja. Mzee wa barazani naye huanza mbali, apitie kwa marehemu fulani, apitie bei ya samaki, na ndipo atue. Kwa hiyo mwanafunzi anayeweka wazo lake mwisho si mzembe kila mara. Pengine anaandika kama watu wa kwao wanavyosema. Shida yake ni kwamba mtahini si mtu wa baraza ile.

Gharama ya sura hii ni kuwa kila sentensi lazima ivute. Moja tu ikilegea, msomaji wa simu ameshapandisha kidole na kwenda zake. Na wazo likifika mwisho likiwa dogo kuliko safari iliyotangulia, utajuta kuzungusha watu. Mimi huitumia kwenye hotuba, kwenye barua ya kumshawishi mtu ambaye najua hataki, na kwenye aya ya mwisho ya makala, pale msomaji aliyevumilia hadi hapo ameshathibitisha kwamba haendi popote.

Sura ya tatu: wazo katikati, baada ya "kumbe"

*Wageni wanaotembezwa Lamu huelezwa kwamba vyumba ni vyembamba kwa ajili ya sitara, au ili kuta nene zizuie joto. Ni maelezo mazuri, na yana ukweli wake kuhusu mpango wa nyumba kwa jumla. Kumbe upana wenyewe uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na boriti inayopita mita tatu hivi hulegea chini yake. Fundi angeweza kurefusha chumba, si kukipanua.*

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa makala, na ndiyo inayowaangusha wasomaji wengi kwenye mtihani. Inaanza na wazo la mtu mwingine. Sentensi mbili za kwanza ni za kubomolewa, au tuseme za kuwekwa kando kwa heshima. Wazo la mwandishi linaingia na "kumbe". Neno hilo moja linafanya kazi ambayo ingehitaji sentensi nzima: linakiri kwamba tulikuwa tumeamini vingine na sasa tumegutuka.

Itumie pale msomaji ana imani ambayo ni lazima uiguse kwanza, la sivyo itamzuia kukusikia. Ila imani hiyo iwepo kweli. Kuna waandishi wenye tabia ya kuanza na "watu wengi hudhani" kisha wanataja jambo ambalo hakuna anayelidhani, ili wapate mtu wa karatasi wa kumpiga. Msomaji huliona hilo upesi. Atajiuliza: mimi ni katika hao watu wengi? Kama siyo, umeshampoteza.

Sura ya nne: wazo halikuandikwa

*Fundi alilaza boriti ya mwisho, akashuka, akafuta mikono. Mwenye nyumba alisimama katikati ya chumba akiwa amenyoosha mikono pande zote mbili. "Nataka futi mbili zaidi upande huu," alisema. Fundi hakujibu. Aliokota boriti iliyobaki, akaisimamisha sakafuni, akamwonyesha ncha yake kwa kidole. "Hizo futi mbili, bwana, kaziombe huko mikokoni."*

Hakuna sentensi hapo inayosema upana uliamuliwa na msitu, na bado aya nzima haisemi kingine. Sentensi zote ni tegemeo; kinachotegemezwa hakionekani, kama dari ya chumba usipoinua macho. Ni sura ya hadithi na ya kumbukumbu. Kwa insha ya hoja ni hatari, kwa barua ya kazi ni balaa.

Kwa mwandishi, kipimo chake ni kumpa mtu mwingine asome kisha umwombe alitamke wazo kwa sentensi moja. Watu watatu wakikupa sentensi zinazofanana, umefaulu kuficha. Wakikupa tatu tofauti, umeficha mno, au pengine hukuwa na wazo.

Basi nichague ipi?

Jiulize mambo mawili. Msomaji wangu ana muda? Na je, ana imani ya kinyume?

Hana muda: weka wazo juu, bila kujali mengine. Hapa wanaingia mtahini, bosi, karani wa ofisi, na kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa ambamo ujumbe mrefu unasomwa mistari miwili tu. Ana muda na anaamini kinyume: sura ya "kumbe" ikiwa imani yake ni ya kurekebishwa tu, wazo chini ikiwa ni ya kupinduliwa. Ana muda, hana imani yoyote, na unataka akae na jambo hilo hata akifunga ukurasa: muonyeshe, usimwambie, yaani sura ya nne.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani na ambaye aya zake bado zinamkimbia, ushauri wangu ni wa kuchosha: sura ya kwanza, kila aya, mpaka mkono uzoee. Aya kumi zenye wazo juu hazitakuwa za kuvutia. Zitakuwa na mifupa.

Tegemeo lipi lina uzito?

Kuliweka wazo mahali pake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sentensi saidizi, na hapa wengi hudhani wingi ndio nguvu. Tuendelee na boriti zetu, tulinganishe.

*Sababu* hueleza jambo linavyofanyika: dari ni nzito, boriti ndefu hulegea, kwa hiyo ukuta wa pili lazima usogezwe karibu. Ukitoa sababu nzuri msomaji anaweza kuirudia mwenyewe kichwani bila kukuamini wewe. Kwangu hiyo ndiyo ya kwanza kutafutwa.

*Tarakimu* hukaza. "Vyembamba" ni neno la kila mtu. "Mita tatu hivi" ni kitu unachoweza kukipima kwa hatua zako sebuleni. Lakini tarakimu bila sababu ni mapambo. Mita tatu, haya, kwa nini?

*Mfano* ni rahisi kutoa na rahisi kupingwa. Chumba kimoja chembamba hakithibitishi chochote. Pengine mwenyewe aliishiwa na pesa.

*Ulinganisho wa mbali* ndio usiotumika sana, na mara nyingi ndio unaomaliza ubishi. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuja na upepo wa kaskazi, yakapakia boriti za mikoko Lamu na kwenye delta ya Rufiji, yakarudi kwao na kusi. Huko Muscat, Bahrain na Kuwait, sehemu zisizo na misitu ya kutoa boriti, nyumba za zamani zilitiwa dari kwa miti hiyo hiyo ya kwetu. Na vyumba vyake? Vyembamba vile vile. Mafundi tofauti, hali ya hewa tofauti, boriti moja. Hapo ile nadharia ya sitara ya Kilamu inabaki na kazi ngumu ya kujieleza. Ukibadilisha kila kitu isipokuwa sababu unayoishuku, na matokeo yakabaki yale yale, umetoa tegemeo ambalo mifano kumi ya Lamu peke yake isingetoa.

*Methali* sasa. Najua nagusa pabaya. Katika insha ya methali, methali ndiyo wazo kuu lenyewe na kisa chako ndicho tegemeo. Hapo kila kitu kiko mahali pake. Lakini katika insha ya hoja, wanafunzi huigeuza methali kuwa ushahidi. "Vijana wanapaswa kufanya bidii kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame." Methali hiyo imesema tena ulichosema, kwa uzuri zaidi, haijathibitisha. Anayekubishia ataleta ya kwake, na Kiswahili kina methali za pande zote: haraka haraka haina baraka, na papo hapo ngoja ngoja huumiza matumbo. Itie mwisho wa aya kama unaipenda, baada ya sababu. Isisimame badala ya sababu.

Halafu kuna sentensi ngeni, ambayo ni ya kweli, inavutia, na haihusiki. Niliwapa darasa langu mbili za kuchomeka kwenye aya ya mikoko: "Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001" na "Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi". Makundi matatu kati ya manne yalizipokea zote kwa mikono miwili, kwa sababu zina miaka ndani yake na miaka ina harufu ya elimu. Ziulize swali letu: upana uliamuliwa na mikoko, umejuaje? Kwa sababu UNESCO...? Haijibu. Ya 1982 inakaribia kidogo kwa kuwa inataja boriti, na hapo ndipo inapodanganya: kutaja neno la mada si kutegemeza wazo. Iweke kwenye aya nyingine, kuhusu biashara ya boriti ilivyokwisha, na itang'aa.

Ukiwa msomaji: njia za kuliwinda wazo

Sasa tugeuze karatasi. Wewe si mwandishi, uko kwenye chumba cha mtihani. Karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ina ufahamu wa alama 15 na ufupisho wa alama 15, na zote mbili, ukizivua nguo, zinakuuliza kitu kimoja: mwandishi alisema nini hasa?

Njia ya kwanza ni kusoma sentensi ya kwanza ya kila aya. Ni ya haraka, na kwa habari za magazeti au matini za sayansi hukutosha. Kwa sura ya tatu hapo juu ingekupeleka kuandika kwamba vyumba ni vyembamba kwa ajili ya sitara, yaani kinyume kabisa cha wazo la mwandishi. Njia ya pili ni kutafuta neno linalojirudia. Inakupa mada, haikupi wazo. "Boriti" imejirudia, haya, boriti zimefanya nini? Njia ya kalamu ya rangi siipendi hata kuisema. Nimeona vitabu ambavyo ukurasa mzima umepakwa manjano, na kisichopakwa ndicho kinachoonekana.

Ninayoifundisha ni ya kufuta. Weka kidole juu ya sentensi moja, soma zilizobaki. Ukifunika sentensi ya chokaa, aya inapungua uzito lakini inasimama. Funika ya wazo kuu, zilizobaki zinaanza kuulizana mnahusianaje. Msichana mmoja darasani alilisema vizuri kuliko mimi: "Hii ikitoka, hizi zingine zinabaki yatima." Njia hii ni ya polepole. Aya sita ukizifanyia hivyo zote, muda umekwisha. Kwa hiyo itumie pale tu unaposhuku.

Na utashuku wapi? Lugha yenyewe inakuonyesha, ukiisikiliza. Kinachofuata "kwa mfano" hakiwi wazo kuu. Kilichomo ndani ya "ingawa" au "licha ya" kinasalimishwa ili kingine kipite. Ukikuta "kwani", tazama nyuma yake: kilichotangulia ndicho kinachodaiwa, kinachofuata ni sababu. "Kumbe", "hata hivyo" na "lakini" mwanzoni mwa sentensi ni milango. Na tuna ile mizizi ya *ndi-*: ndiye, ndio, ndicho. Msemaji wa Kiswahili akitaka kukaza kidole juu ya jambo, huitumia. "Boriti iliamua" ni taarifa. "Boriti ndiyo iliyoamua" ni dai, kuna mtu anakatazwa kudhani vingine. Angalia tu "ndiyo maana" na "ndiyo sababu", ambazo mara nyingi huleta tokeo badala ya wazo. Katika sura ya kwanza, sentensi ya "ndiyo maana hata nyumba za matajiri" ni tokeo la wazo, wala si wazo.

Kwenye aya ya sura ya nne, njia zote hizo zinagoma, maana hakuna cha kufunika kwa kidole. Hapo inakubidi uijenge sentensi mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alinifupishia kisa cha fundi hivi: "Fundi alikataa ombi la mwenye nyumba." Ni kweli, na ni tukio tu. Nikamwuliza, alikataa kwa sababu ya kiburi? "Hapana, Mwalimu." Kwa sababu ya pesa? "Hapana. Mti haufiki." Basi andika hiyo. Akaandika: "Urefu wa boriti ulimwekea fundi mpaka ambao hata mwenye nyumba hakuweza kuuvuka." Kutoka tukio hadi wazo ilikuwa "kwa nini" mbili tu.

Jambo la mwisho la ufupisho. Jirani zetu wa Tanzania hufundishwa kanuni ya kulenga theluthi moja ya habari. Sisi huku tunapewa idadi ya maneno kwenye swali. Kwa vyovyote, watu huanza kukata kutoka mwisho pale maneno yanapozidi. Kata mifano kwanza, kisha tarakimu, kisha marudio. Sababu ikate mwisho kabisa. Na nafasi ile ya matayarisho, inayoachwa kabla ya jibu lenyewe, itumie kwa kuandika mawazo makuu peke yake, moja kwa kila aya, kabla ya kuyaunganisha, maana alama ya mtiririko hupatikana kwa viunganishi vyako na si vya mwandishi.

Nirudi kwa kundi la dirishani. Nilipowaambia wana kipande pungufu, hawakuinama kukitafuta. Waliomba kipande cha karatasi tupu, wakanong'onezana, kisha mmoja wao, ambaye bibi yake anaishi Lamu katika nyumba ya aina hiyo na ambaye kitambo alikuwa akijiuliza kwa nini kitanda cha bibi kikiwekwa kwa upana hakuna pa kupita, akaandika sentensi yao kwa penseli: "Boriti ndiyo iliyopima chumba."

Yangu ilikuwa na maneno 14. Yao ina manne. Muhula ujao hiyo ndiyo nitakayoitia kwenye bahasha.